Shajara ya mradi: Windows mbili, hesabu za kikoba kimoja

Jumamosi, 3 Januari 2026

Mama ameniita saa mbili usiku kuniambia kwamba hesabu za kikoba zimepungua. Anakumbuka vizuri kuwa aliingiza mikutano yote ya Desemba. Leo kafungua folda aongeze mkutano wa mchana, na faili la mwisho analoliona ni la tarehe 29 Novemba.

Mama ni mweka hazina wa kikundi cha wanawake 24 hapa Chumbageni, Tanga. Wanakutana kila Jumamosi saa nane mchana, wananunua hisa, wanarejesha mikopo, na tarehe 31 mwezi huu mzunguko unafungwa na fedha zinagawanywa. Faili zilizopotea zisipopatikana, atakayesimama mbele ya wenzake na kuulizwa ni yeye.

Nilimwomba azime kompyuta na kuiwasha tena mbele yangu. Ikaja ile skrini ya bluu ya kuchagua mfumo endeshi, yenye mistari miwili: Windows 10 na Windows 10. Herufi ni zilezile, hakuna hata namba ya kutofautisha.

“Mama, huwa unachagua upi hapa?”

“Wowote, mwanangu, kisha nabonyeza Enter. Si yote ni hiyo hiyo?”

Nikachagua mstari wa pili. Ikafunguka Windows yenye picha ya maua kwenye skrini, na ndani ya folda ya kikoba zilikuwemo faili za Desemba zote nne. Mama alishika kifua. Alikuwa akiona kwamba siku nyingine kompyuta inakuja na maua na siku nyingine inakuja na bahari, akadhani inabadilisha picha yenyewe.

Kwa hiyo katika shajara hii nitaziita Windows ya maua na Windows ya bahari. Usiku huu sikugusa kitu zaidi. Nimenakili folda zote mbili za kikoba kwenye flashi mbili tofauti, moja nimempa mama aiweke kwenye pochi yake.

Jumapili, 4 Januari

Historia kwanza. Kompyuta ni ya mezani, ya mtumba, Dell yenye kichakataji cha i5 cha kizazi cha nne. Ilikuja na diski ya kuzunguka ya GB 500. Agosti mwaka jana ilikuwa nzito mno, tukaipeleka kwa fundi akaweka SSD (diski ya kasi isiyozunguka) ya GB 240 na Windows mpya ndani yake, akanakili faili za mama upande mpya. Ile ya zamani hakuifuta. Nadhani alitaka kutuachia akiba, na kwa nia hiyo simlaumu, ila hakutuambia. Juu ya hapo mdogo wangu anayesoma chuo ana Ubuntu yake, mfumo endeshi mwingine usio Windows, kwenye kipande cha GB 60 cha diski ya zamani. Mifumo mitatu, kompyuta moja.

Nimefungua diskmgmt.msc, dirisha la Windows la kuonyesha diski, nikiwa ndani ya bahari. Diski 0 ni ile ya zamani, inaonyesha GB 465. Diski 1 ni SSD, inaonyesha GB 223. (Anayeshangaa GB zimekwenda wapi: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.) Nikaona jambo lililonifanya nisimame. Diski 0 ina patisheni (kipande cha diski) ndogo ya EFI ya MB 100. Diski 1 haina kabisa. Patisheni hiyo ndogo ndiyo inayotunza faili za kubutia, yaani zile ambazo kompyuta inazisoma kwanza kabla Windows yenyewe haijaamka.

Maana yake Windows ya bahari inakaa kwenye SSD lakini inaamshwa na diski ya zamani. Kuhakikisha, nilizima, nikachomoa waya wa umeme, nikafungua kasha na kuchomoa kebo ya SATA ya diski ya zamani. Nikawasha. Kompyuta ikasema haina kifaa cha kubutia. SSD nzima, Windows nzima, na haiwezi kujiamsha. Nikarudisha kebo, ikawaka kama kawaida.

Hivi ndivyo inavyotokea: Windows inaposakinishwa kwenye diski ya pili huku diski ya kwanza yenye patisheni ya EFI ikiwa bado imechomekwa, kisakinishi hakitengenezi patisheni nyingine. Kinatumia ile kiliyoikuta. Angalau kebo ya diski ya zamani ingechomolewa wakati wa kusakinisha, tusingekuwa hapa. Na jana usiku wazo langu la kwanza lilikuwa kufomati diski ya zamani yote nimalize kazi. Ningefanya hivyo, leo mama asingekuwa na Windows hata moja ya kuwasha.

Kisha CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha afya ya diski kwa rangi. SSD ni ya bluu, salama. Diski ya zamani ni ya njano, ina sekta 8 (vipande vidogo vya kuhifadhia) zinazosubiri kubadilishwa, namba C5 kwenye orodha. Diski inayotuamsha kila asubuhi imeanza kuchoka. Mpango wote umegeuka hapo. Sasa sisafishi orodha tu, nahamisha kila kitu chenye thamani kutoka kwenye diski hiyo, halafu SSD ijitegemee.

Nimeangalia pia manage-bde -status. Hakuna patisheni iliyofungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la diski, shukrani. Ingekuwepo, ningetafuta ufunguo wake kwanza kabla ya kuchezea chochote kinachohusu kubuti.

Jumatano, 7 Januari

Kuhamisha faili. Nikiwa ndani ya bahari, Windows ya maua inaonekana kama diski D. Nikafungua folda ya mama kule, nikakataliwa: huna ruhusa. Mama akauliza kwa nini anazuiwa kuingia kwenye vitu vyake mwenyewe. Jina la akaunti ni lilelile pande zote mbili, “Mama”, lakini Windows haijali jina, inajali namba ya utambulisho ambayo kila usakinishaji unaitengeneza upya. Kwa hiyo kwake hawa ni mama wawili wasiojuana. Ukibonyeza kuendelea, inakupa ruhusa, ila inachukua muda kwa sababu inapita faili moja moja.

Amri niliyotumia, kwenda kwenye diski ya nje ya TB 1:

robocopy D:\Users\Mama F:\Maua\Mama /E /XJ /R:1 /W:1 /LOG:F:\maua.txt

Ile /XJ msiiache. Ndani ya AppData kuna viungo vya kizamani vinavyorudi kwenye folda ileile iliyovibeba, na bila /XJ robocopy inaweza kuzunguka humo hadi njia ya faili izidi urefu. Na /R:1 ni kwa ajili ya diski mgonjwa, kwani bila kuambiwa robocopy hurudia faili lisilosomeka mara milioni moja, ikisubiri sekunde 30 kila mara.

Saa tatu usiku umeme ukakatika, kazi ikiwa zaidi ya nusu. Ulirudi saa nne na robo. Nikaandika amri ileile, ikaruka zote zilizokwisha kunakiliwa na kuendelea. Jumla GB 83. Faili tatu hazikusomeka: mbili ni takataka za kivinjari, ya tatu ni video ya harusi ya shangazi. Nimempigia, anayo nzima kwenye simu yake, ataituma.

Nimeazima UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) kwa shemeji. Kunakili kunaweza kukatika na kuendelea. Kugawa diski hapana.

Alhamisi, 8 Januari

Siku ya hesabu. Sikutegemea kwamba hii ndiyo itakuwa sehemu ngumu kuliko zote.

Mama kila mkutano ana faili lake. Hufungua faili la mkutano uliopita, hulihifadhi kwa jina jipya lenye tarehe, kisha hubadilisha ya wiki hiyo, na jumla ya nyuma inabebwa mbele. Ni utaratibu mzuri ukiwa na folda moja. Toka 23 Agosti hadi 27 Desemba kikundi kilikutana mara 18, kwa kuwa Jumamosi ya tarehe 1 Novemba hawakukutana. Nikapanga faili mezani kwenye karatasi: mikutano 11 iko bahari peke yake, 5 iko maua peke yake, na 2 iko kote.

Mtu angesema basi unganisha folda mbili, umemaliza. Hapana. Faili la 6 Desemba lilitengenezwa kwenye maua, kwa hiyo lilibeba jumla ya faili la mwisho lililokuwepo maua, ambalo ni la 15 Novemba. Na hilo lilitokana na la 18 Oktoba, na la 18 Oktoba lilitokana na la 20 Septemba. Mikutano yote iliyofanyika katikati na kuingizwa bahari haimo kwenye jumla hiyo. Upande wa bahari nao umepungukiwa na 18 Oktoba na Desemba nzima. Kila upande una jumla inayoonekana safi, imepigwa mstari chini, na zote mbili si kweli.

Mama alinyamaza nilipomwonyesha. Kisha akasema, “Ndiyo maana mwenyekiti alisema mwezi wa kumi na mbili mbona tunarudi nyuma.”

Mikutano miwili iliyoingizwa kote: ya 20 Septemba inafanana hadi shilingi ya mwisho. Ya 15 Novemba haifanani. Mwanachama mmoja, bahari inasema amerejesha Sh 45,000, maua inasema Sh 54,000. Nikatazama muda wa kuhifadhiwa. Bahari: saa kumi na moja jioni. Maua: saa kumi jioni. Kwa hiyo bahari ni ya baadaye, na mtu husahihisha baadaye, basi 45,000 ndiyo sahihi. Nikaanza kuiandika.

Mama akanizuia. “Saa kumi tulikuwa bado hatujafunga sanduku. Nitakuwaje nimefika nyumbani?”

Alikuwa na haki kabisa, na jibu lilikuwa kwa mdogo wangu. Ubuntu huweka saa ya ndani ya kompyuta kwa muda wa UTC, ule wa kimataifa, Windows inaisoma kama saa ya hapa. Sisi tuko mbele ya UTC kwa saa tatu. Kwa hiyo kila mdogo wangu akimaliza kusoma kwenye Ubuntu, anayefuata kuwasha Windows anakuta saa iko nyuma kwa saa tatu, mpaka iguse intaneti ijirekebishe. Siku ile mama aliingiza hesabu saa kumi na moja, mdogo wangu akakaa kwenye kompyuta, halafu saa moja usiku mama akarudi, akaingia maua bila kujua, hakuona kazi yake ya jioni, akaiandika upya. Windows ikaandika saa kumi. La maua ndilo la mwisho.

Hata hivyo sikutaka muda wa faili uamue fedha ya mtu. Mama alikwenda kwa katibu na kurudi na daftari la kikundi, na yule mwanachama akaleta kitabu chake. Vyote viwili: Sh 54,000. Baada ya hapo tukapitia mikutano yote 18 kwa njia hiyo, mama akisoma daftari kwa sauti, mimi nikiandika kwenye faili moja jipya ambalo jumla inapigwa na fomula toka mkutano wa kwanza badala ya kubebwa. Tulianza saa tatu asubuhi, tukamaliza baada ya magharibi. Makosa mengine yaliyoibuka ni mawili, madogo, na hayakuhusiana na kompyuta.

Kwenye Ubuntu nimeandika timedatectl set-local-rtc 1, ili ifuate saa ya hapa kama Windows. Ubuntu yenyewe inaonya kwamba haiipendi hali hii. Kwa nyumba hii, yenye Windows inayotumiwa na mweka hazina, naona ndiyo haki.

Ijumaa, 9 Januari

Hakuna kazi. Nimesoma tu na kuandaa flashi ya kusakinishia Windows, ikitokea nimekwama ninayo ya kurekebishia.

Jumamosi, 10 Januari

Asubuhi na mapema, UPS imechomekwa. Kuipa SSD patisheni yake ya kubutia.

Kwanza powercfg /h off. Hii inazima ule uwashaji wa haraka ambao kwa kweli haizimi Windows, inailaza. Ukiwa na mifumo zaidi ya mmoja, Windows iliyolazwa ni hatari: mwingine akigusa diski yake, ikiamka inakuta mambo si kama ilivyoyaacha. Pia faili la kulazia huchukua nafasi, na likiondoka patisheni ya C inapunguzwa kwa urahisi.

Kisha diskpart, chombo cha Windows cha kugawia diski, ndani ya bahari. Nikachagua disk 1 nikasoma ukubwa mara mbili kabla ya kubonyeza Enter, kwa sababu diskpart haiulizi kama una uhakika. Nikachagua volume ya C, halafu:

shrink desired=300
create partition efi size=300
format quick fs=fat32
assign letter=S

Nikatoka diskpart, nikaandika:

bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI

Ikajibu kwamba faili za kubutia zimetengenezwa. Ilichukua pumzi mbili. Nikazima, nikachomoa kebo ya diski ya zamani kama Jumapili iliyopita, nikawasha. Nembo, kisha moja kwa moja bahari. Hakuna skrini ya bluu wala mistari miwili, kwa kuwa orodha mpya imeandikiwa Windows moja tu. Nilimwita mama aje aone, akaja na mikono yenye unga.

Nilizima na kuwasha mara nne zaidi. Sikuirudisha kebo.

Mchana mama amekwenda mkutanoni na hesabu iliyochapwa. Amesoma jumla mbele ya wote, na akaeleza mwenyewe kilichotokea, kwamba kompyuta ilikuwa na nyumba mbili na yeye alikuwa akiingia zote. Anasema waliuliza maswali mengi na kwamba hilo ni jambo zuri.

Jumapili, 11 Januari

Zamu ya mdogo wangu. Alitaka Ubuntu yake ibaki, na sina sababu ya kumnyima, anaitumia kwa masomo. Lakini haibaki kwenye diski ya njano. Nimepunguza C tena kwa GB 50, na amesakinisha Ubuntu mwenyewe kwenye nafasi hiyo ya SSD, safari hii bila diski nyingine ndani ya kasha. Kanakili kazi zake kutoka diski ya nje, na ile amri ya saa kaiandika upya bila kukumbushwa.

Ilipomalizika, Ubuntu ilijiweka mbele kwenye utaratibu wa kubuti, mama angekutana na orodha nyingine tena. Kwa efibootmgr -o nimeitanguliza Windows, kisha kwa efibootmgr -b na -B nimefuta jina la Ubuntu ya zamani, ambalo bado lilikuwa linaelekeza kwenye diski isiyokuwepo. Mdogo wangu akitaka Ubuntu anabonyeza F12 wakati wa kuwasha. “Sawa dada, F12 siyo mbali,” kasema.

Jumatatu, 12 Januari, sikukuu ya Mapinduzi

Mama amewasha, imekuja bahari. Amezima akaenda kupika, akarudi akawasha tena, bahari. Ameniomba nimrejeshee ile picha ya maua, na nimeiweka, kwa hiyo majina niliyotumia humu hayafai tena.

Diski ya zamani iko kabatini, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki na karatasi yenye tarehe. Sijafuta chochote ndani yake, na sitafuta hadi kikundi kigawane tarehe 31 na kila mwanachama atie sahihi.

Yaliyobaki: reagentc /info inasema mazingira ya kurekebishia Windows yamezimwa, nitaiwasha wiki hii. Kubwa zaidi ni kwamba msaada wa kawaida wa Windows 10 uliisha 14 Oktoba 2025, na kichakataji cha kizazi cha nne hakimo kwenye orodha ya Windows 11. Nitaiandikisha mashine hii kwenye nyongeza ya masasisho ya usalama inayofika 13 Oktoba 2026, na kabla ya hapo mimi na mdogo wangu tutamjaribishia mama LibreOffice, programu ya ofisi yenye jedwali za hesabu, kwenye Ubuntu, kwa faili lake lilelile la kikoba, aone kama mkono wake unakubali. Flashi ya kwenye pochi inabaki kazini: kila Jumamosi baada ya kuhifadhi, nakala inaingia humo kabla kompyuta haijazimwa.